Huyo Kasafiri Tu

Mtafsiri hakuwahi kuua mtu. Kwenye filamu watu walikufa kila Jumamosi, kwa risasi, kwa upanga, kwa kuanguka ghorofani, kwa kikohozi cha muda mrefu, lakini maiki ikiwa mkononi mwake hakuna aliyekufa. "Huyo kasafiri tu," alisema. "Kapanda treni ya Kigoma." Banda zima lilicheka, na sinema ikaendelea bila huyo aliyesafiri.

Naandika habari zake kwenye kurasa za nyuma za daftari la Kemia, kwa sababu daftari hilo Mama halifungui. Jina lake silijui. Mtaa wetu mzima wa Ipuli ulimwita Mtafsiri, hata mwenye banda. Alikozaliwa sikujui pia, na sikuwahi kuuliza, maana mimi siulizi vitu. Darasani, kidato cha tatu, nakaa dawati la ukutani, na mwalimu akitupa swali naangalia kidole gumba changu mpaka swali limpate mtu mwingine. Ninachokijua juu ya Mtafsiri ni kile nilichokiona na kukisikia Jumamosi saa nane mchana, miaka na miaka, kwanza nikiwa nimepakatwa na Baba, halafu bila Baba.

Banda liko nyuma ya mashine ya kusaga. Wengine wanaliita kibanda umiza, na kweli linaumiza: mabenchi ni magogo ya mkaratusi yaliyopasuliwa katikati, na kuta ni mabati yenye matundu ya misumari ambayo jua linapita na kukupaka madoa mgongoni. Mbele kuna runinga moja bapa na spika mbili. Spika hizo Baba ndiye aliyezitengeneza. Alikuwa fundi redio, na yeye na Mtafsiri walikuwa marafiki wa kukaa pamoja bila kusema kitu. Filamu ilikuja na lugha yake, Kiingereza, Kichina, Kihindi, Kikorea. Mtafsiri alikaa nyuma karibu na swichi, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, akaisemea yote: mume, mke, mtoto, jenerali, mbwa.

Lile neno lake nililicheka kama wengine mpaka siku moja nikiwa kidato cha pili. Ilikuwa filamu ya Kichina. Kijana mchota maji alipigwa mshale darajani, ndoo zikamwagika, na mtoto mmoja benchi la mbele akaanza kulia kweli kweli. Mtafsiri akasogeza maiki mdomoni. "Usilie, mjukuu wangu. Kasafiri tu huyo. Hata tiketi anayo." Watu wakacheka. Rafiki yangu Nyamizi, ambaye tunakaa naye benchi moja bandani na dawati moja darasani, akaniinamia sikioni.

"Akisema kasafiri, ujue kafa."

"Najua," nikamwambia.

Sikuwa najua. Yaani nilijua kwa upande wa filamu, ila kwa upande wa nyumbani sikuwa nimelifikiria. Nilipokuwa darasa la tano nilirudi kutoka shule nikakuta begi la vifaa la Baba halipo msumarini, na Mama akasema kutoka jikoni, bila kugeuka, "Baba yako kasafiri." Basi. Sikuuliza wapi. Miezi michache baadaye mama wadogo wawili walikuja kutoka Nzega, wakajifungia chumbani na Mama siku mbili, wakizungumza Kinyamwezi cha haraka ambacho mimi nakipata nusu. Nikiingia wananyamaza. Mama alijifunga khanga kiunoni, hakutoka nje, hakupika. Tangu hapo hajawahi kusema Baba atarudi. Sasa nikiwa pale kwenye gogo, ndoo za yule kijana bado zinabingirika darajani, nikajiuliza kwa mara ya kwanza: ule ulikuwa msiba? Na kama haukuwa msiba, ulikuwa nini?

Kumuuliza Mama nisingeweza. Nikimuuliza, atajibu lilelile, kwa mgongo uleule. Aliyebaki ni mtu mmoja, aliyemjua Baba na aliyejua neno hilo linavyotumika. Tatizo ni kwamba mtu huyo alikuwa mwongo.

Nisieleweke vibaya. Uongo ulikuwa kazi yake na aliifanya kwa uaminifu. Kwake dunia nzima ilikuwa Tabora na jirani zake. Mji wa maghorofa ulikuwa Dar, hata kama teksi zote ni za njano na abiria wote Wazungu. Jangwa lilikuwa Igunga wakati wa kiangazi. Theluji ilipoanguka kwenye filamu ya ndugu wawili waliogombania mbwa, alisema, "Pamba ya Nzega imepasuka, mwaka huu watu watapumua," na mzee mmoja mwenye shamba huko akaitikia "Amina" kwa moyo mmoja. Jenerali wa Kichina aliliamkia jeshi lake kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nalo likaitikia. Mapacha, hata wakiwa Wakorea, walikuwa Kulwa na Doto. Na adui, filamu yoyote ile, alikuwa mteuzi wa tumbaku, yule mtu anayekuja msimu wa mauzo, anashika jani ulilolihangaikia mwaka mzima, analinusa, anasema daraja la chini. "Mteuzi huyo anakuja," Mtafsiri alisema kwa sauti ya kunong'ona, na banda likazomea kabla mtu hajafanya ubaya wowote.

Siku moja alikosea. Mtu mwenye kovu shavuni, aliyezomewa saa nzima, kumbe ndiye mwema, na mwisho akamtoa binti kwenye nyumba inayowaka moto. Mtafsiri hakurudi nyuma. "Mteuzi ameokoka," akasema. "Kuanzia leo anapanga daraja la kwanza tu." Nyamizi alicheka mpaka akateleza kwenye gogo.

Watu wakibusiana alikohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha tahadhari. Baada ya hapo: "Hapa wanaulizana habari za nyumbani." Busu likiwa refu, aliongeza, "Ukoo wao mkubwa."

Sauti yake haikufanana na mwili wake. Mwili ulikuwa mdogo, ndani ya shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto la Oktoba. Mfuko wa shati ulibeba kichupa cha asali, ile nyeusi ya msituni yenye harufu ya moshi, na kila baada ya mapigano alilamba kidogo kwa kifuniko ili koo lilainike. Kanisani kwao alikuwa kwenye kwaya, upande wa besi, lakini Nyamizi anayesali huko anaapa kwamba alikuwa anafungua mdomo tu, koo limeshachoka na dhambi za Jumamosi. Mtu aliyenguruma kama simba nyuma ya maiki, barabarani aliwapisha kuku. Nikikutana naye dukani ilikuwa salamu na kwaheri.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kimya."

Hilo ndilo jina alilonipa, Kimya, wakati nje ya banda yeye alikuwa akinishinda kwa ukimya.

Mambo ya umeme nayo niyaandike. Nasikia kwenye mabanda mengine umeme ukikatika watu wanadai chao na kuondoka. Kwetu hakuna aliyeinuka. Siku ya filamu moja ya Kihindi, ya mama mjane na mwanawe aliyepotea akaja kuwa hakimu, umeme ulikatika katikati ya kesi. Mtafsiri aliweka maiki chini, akapanda juu ya kiti chake cha waya, na sisi tukiwa tumekaa mbele ya runinga nyeusi akaimalizia kesi yote kwa mdomo. Hakimu akamtambua mama yake kwa alama ya mkononi. Mteuzi wa tumbaku akafungwa. Akina mama wakajifuta macho kwa khanga, tukaenda nyumbani.

Jumamosi iliyofuata umeme upo, mwenye banda akairudisha filamu ileile. Mwishoni yule mama akafa kortini, hakimu hajamtambua.

Kukawa na kelele. "Siyo hiyo," alisema mama mmoja muuza dagaa. "Mama hafi."

"Si alipona juzi, sote tumeona?"

"Runinga imekosea."

Mwenye banda akachomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Mama akafa tena. Ndipo wote wakageuka nyuma. Mtafsiri alilamba asali bila haraka. "Huyo mama kasafiri," akasema. "Lakini barua ataandika." Basi, wakatulia.

Mimi ndiye sikutulia. Kwetu haijawahi kufika barua hata moja.

Kidato cha tatu Kiingereza kilianza kunifungukia. Masomo karibu yote tunasoma kwa lugha hiyo, hata kama kuizungumza hatuizungumzi. Nikahamia benchi la nyuma, karibu na spika, nikawa nasikiliza chini ya sauti ya Mtafsiri, nikiwa na hofu kama ya mtu anayechungulia bafuni kwa watu. Nilichokisikia kilinitia hofu zaidi. Zaidi ya nusu alikuwa anatunga. Mzungu anasema maneno matatu, yeye anatoa hotuba yenye methali mbili, shemeji mkorofi na ng'ombe wa mahari. Vijana wenye simu walikuwa wanaongezeka mabenchini, wengine wanaelewa Kiingereza kuliko mimi, na kila Jumamosi nilikaa nikingoja mmoja wao asimame aseme, "Mzee, mbona hujui?" Viganja vilinilowa kwa niaba yake. Hakuna aliyesimama. Labda nao walipenda ng'ombe wa mahari.

Halafu kuna filamu moja ya askari aliyetoroka vitani. Anapiga simu nyumbani kutoka barabarani, mvua inamnyeshea, na mama yake anaongea upande wa pili. Sauti ya yule mama ilipita kwenye spika nikaielewa yote kabla Mtafsiri hajafungua mdomo. Naye hakuufungua upesi. Alishusha maiki mpaka kidevuni. "Anasema amechoka," akasema. "Anasema asirudi." Na ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno.

Nikaanza kumfuatilia. Akitunga, maiki ilikuwa juu na maneno mengi. Akiwa ameelewa kweli, maiki ilishuka na maneno yakawa machache. Nikakumbuka pia filamu ya msafara wa jangwani, ngamia na watu wenye mizigo, na muziki mzito uliokuwa ukiwasindikiza. Siku ile maiki ilikuwa imelala pajani mwake kabisa aliposema, si kwa sauti ya mhusika yeyote, kwa sauti yake: "Wazee wetu walitoka hapa kwa miguu mpaka pwani, pembe za ndovu kichwani. Hawakuwa na muziki." Wakati ule nilidhani amechoka tu. Sasa nilielewa kwamba ukweli wake ulikuwa mfupi, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Kwa hiyo kipimo nilikuwa nacho. Ningemuuliza, ningehesabu maneno, ningejua. Kilichobaki ni kuuliza tu, jambo ambalo watu wengine wanalifanya kila siku.

Mara ya kwanza nilimngoja watu watoke, amalize kukunja waya.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kimya. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, tangu kwenye mashine ya kusaga.

"Jumamosi ijayo mtaonyesha nini?" nikasema.

Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe. "Ya Wahindi," akasema.

Mara ya pili niliandika. *Naomba uniambie kama Baba yangu yuko hai.* Nilikunja karatasi mara nne, nikaibana chini ya kiti chake kabla hajafika. Mwenye banda akaingia, akaona benchi la mbele linayumba, akazungusha macho kutafuta kitu cha kuweka chini ya mguu wake. Akaiona karatasi yangu. Filamu ya siku hiyo siikumbuki hata kidogo. Nilitazama mguu wa benchi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wanawake watano waliokalia swali langu, mmoja wao muuza dagaa, ambaye kila akicheka lilizidi kuzama mchangani. Walipotoka niliichomoa. Ilikuwa bado inasomeka. Niliitafuna njiani mpaka ikaisha.

Na kulikuwa na jambo la Mama. Mama haniruhusu kwenda hata kwa kina Nyamizi bila kueleza nani yupo na nani anakuja, lakini banda hakulikataza kamwe. Msichana kwenye banda la mabati: majirani walisema, nami niliwasikia wakisema. Yeye aliuliza kitu kimoja tu. "Mtafsiri yupo?" Nikisema yupo, "Haya, nenda." Siku moja akaongeza, "Msalimie." Nilipomfikishia Mtafsiri salamu aliacha kazi aliyokuwa akiifanya.

"Mzima yeye?"

"Mzima."

"Anapika bado zile chapati?"

"Anapika."

Akainama kwenye waya zake, akafungua fundo ambalo halikuwepo. Watu wazima wawili walijua kitu, na kitu chenyewe kilikuwa changu.

Mwaka huu baada ya mavuno mwenye banda alileta flashi za aina mpya kutoka Dar. Filamu zinakuja zimeshatafsiriwa na kijana mmoja mwenye sauti ya kasi na misimu ya huko, anayecheka kabla kichekesho hakijafika. Mtafsiri akaambiwa apumzike kwanza. Jumamosi ya kwanza alikuja, akakaa benchi la nyuma kama sisi, mikono mapajani, kichupa mfukoni hakukigusa. Mtu akauawa kwenye runinga. "Kwisha habari yake," alisema kijana wa Dar, "kafa kama kuku." Mtoto wa benchi la mbele akageuka nyuma na kumtazama Mtafsiri, akingoja. Mtafsiri akaangalia mabati.

Jumamosi ya pili hakuja. Siku hiyo umeme ulikatika, na yule kijana akakatika nao katikati ya neno. Tulikaa. Shingo ziligeukia swichi na kile kiti cha waya kilichokuwa kitupu, zikarudi mbele. Halafu watu wakaanza kutoka mmojammoja, na muuza dagaa akadai chake kwa mara ya kwanza.

Juzi Jumamosi, asubuhi, nilikuwa uani naosha vyombo. Nyamizi akaja na ndoo kichwani.

"Umesikia? Mtafsiri kasafiri."

Sufuria iliniponyoka ikabingirika mpaka mlangoni.

"Kafa?"

"Nani kasema kafa? Nimesema kasafiri."

"Wewe mwenyewe si uliniambia..."

"Safari ya mizigo, wewe. Nimempita stesheni, ana begi."

Mama alikuwa ametoka kwenda sokoni. Sikumwachia neno. Nilikwenda stesheni nikikimbia penye watu wachache na kutembea penye watu wengi, ili nisiulizwe, mchanga ukinijaa kwenye kandambili. Kichwani nilikuwa na picha moja tu, ya behewa la mwisho likiishia kwenye kona. Treni kumbe ilikuwa ya mchana. Yeye alikuwa hapo tangu asubuhi, kama ilivyo kawaida ya mtu anayewapisha kuku. Mabenchi yalikuwepo matupu, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chenye waya mguuni. Alikuwa amekihamisha kutoka bandani.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kimya." Hakuonekana kushangaa. "Umekuja kunisindikiza."

"Unakwenda wapi?"

"Kaliua, kwa binti yangu. Analima mpunga. Anataka mtu wa kufukuza ndege." Akatabasamu kidogo. "Kwa kazi hiyo sauti bado inatosha."

Nikasimama. Mwanamke alipita na sinia la karanga, akaturuka, akarudi, akaturuka tena. Nilifungua mdomo mara mbili. Nilihisi kabisa kwamba sasa nitamuuliza treni itafika saa ngapi, na atanijibu, na atapanda, na mimi nitakuwa mtu wa kidole gumba mpaka nizeeke.

Mtafsiri akatoa kichupa mfukoni, akakifungua, akanipa kifuniko. "Koo lako limekauka," akasema. "Lamba kwanza. Halafu useme."

Nililamba. Ilikuwa tamu, na nyuma yake moshi.

"Baba yangu," nikasema. "Kasafiri, au kasafiri?"

Hakucheka, wala hakuniuliza nina maana gani. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe mpaka karibu na mdomo, vidole vimejikunja kama vinavyojikunja kwenye maiki, na nilipouona pale juu moyo ulinishuka.

"Baba yako," alianza, "unajua, mwanangu, fundi ni mtu wa njia, na dunia hii ina redio nyingi zilizoharibika, sasa mtu akiitwa huku, akiitwa kule..."

Akasita. Nadhani aliniona nikiutazama mkono. Aliutazama na yeye. Ukashuka, kidevuni, kifuani, ukalala pajani.

"Hajafa," akasema.

Nikangoja.

"Yuko Mpanda. Ana mke. Wana watoto wawili."

Nilihesabu. Hakukuwa na methali wala shemeji.

"Mama anajua?"

"Anajua. Siku ile alipoondoka, wewe hujarudi kutoka shule, mama yako alikuja bandani. Akaniuliza, mtoto nitamwambiaje? Habari za mke zilikuja baadaye." Alifunga kichupa, akakifungua tena. "Nikampa neno. Nilikuwa nalo hilohilo moja."

"Kasafiri."

"Sikujua utakua ukija kunisikia nalitumia."

Nilimuuliza, na sijui nguvu ile niliitoa wapi, "Na tafsiri yenyewe? Ya kweli?"

"Aliondoka," akasema.

Naandika kama ilivyokuwa. Kwanza nilifurahi. Mtu aliyenipakata kwenye lile gogo anapumua, yuko Mpanda, anakula, anakohoa. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa mwanamke wa karanga kutupita mara moja. Halafu nikaangalia reli. Treni ileile itakayomchukua Mtafsiri inafika Kaliua, na hapo Kaliua ndipo njia ya Mpanda inapochepuka. Njia ipo. Ilikuwepo miaka yote hiyo, kwenda na kurudi. Mtu aliyekufa hawezi kurudi, sasa huyu je? Nilikuwa nimemwombea kila siku kama marehemu, kimyakimya nisije nikamroga akiwa hai, na kumbe alikuwa anatengeneza redio za watu.

"Nisamehe, Kimya," Mtafsiri akasema.

Sijafundishwa mtoto anamsameheje mzee. Nikakaa chini, sakafuni, karibu na kiti chake, na tulikaa hivyo mpaka treni ikafika, bila kusema kitu, kama alivyokuwa akikaa na Baba.

Alipanda na begi. Kiti nilimpitishia dirishani, mguu wa waya ukakwama, tukausukuma na kuuvuta mpaka ukapita. Akatoa kichwa nje. Vifungo vyote vimefungwa, mpaka shingoni.

"Bandani wakikuuliza," akasema, "waambie Mtafsiri kapanda treni ya Kigoma."

"Watalia."

"Basi waambie na kiti kachukua. Maiti habebi kiti."

Nilicheka. Treni ilipoanza kwenda nilikuwa bado nacheka na uso wote umelowa, na mwanamke wa karanga akanipa punje chache bure.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati. Hakugeuka.

"Umetoka wapi?"

"Stesheni. Mtafsiri kasafiri."

Mikono yake ilisimama kwenye unga.

"Na kiti chake," nikaongeza upesi. "Kaenda Kaliua kwa binti yake, kufukuza ndege."

Akashusha pumzi, lakini mikono haikuanza tena. Nilisikia sauti yake kabla sijaona uso.

"Alikwambia kitu?"

"Aliniambia lile neno lilikuwa lake."

Mama akageuka. Alinitazama, halafu akachota maji kwenye kata akanawa unga, kidole kimoja kimoja, mpaka kucha. Akavuta stuli, akaiweka mbele ya ile yake.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akaanza kuniambia, na sentensi zake zilikuwa fupi.